Hansard na Gazeti Rasmi la Kenya mtandaoni: zinamfaa vipi anayetafuta historia ya eneo bunge la zamani la Mathare?

Ukitafuta orodha ya wabunge wa Mathare, Nairobi, ni rahisi kukutana na msururu mmoja unaoanza na Dkt. Munyua Waiyaki na kuendelea moja kwa moja hadi mbunge wa leo. Msururu huo unaunganisha maeneo mawili tofauti. Mathare ya Waiyaki iliitwa Nairobi North-East kwenye uchaguzi wa 1963, ikapata jina la Mathare kufikia uchaguzi wa 1969, ikadumu nalo hadi uchaguzi mdogo wa 1994, kisha ilipofika 1997 ikawa Kasarani. Mathare ya sasa ilichorwa 2012 na kupigiwa kura kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 2013, ikiwa na wadi sita: Hospital, Mabatini, Huruma, Ngei, Mlango Kubwa na Kiamaiko. Jina lilirudi lakini mipaka ni mingine.

Hicho ndicho kipimo cha tathmini hii. Huduma tatu za bure zinapimwa kwa kazi moja: kupata orodha sahihi ya waliowakilisha eneo bunge la mjini ambalo halipo tena, pamoja na tarehe zao na kilichobadilisha mipaka yao. Huduma zenyewe ni Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala) ya Bunge la Kenya iliyo kwenye Google Books, Gazeti Rasmi la Serikali (lipo Google Books, Kenya Law na gazettes.africa), na Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge. Kila moja ina nguvu yake, na anayezishika kwa mpangilio usiofaa atarudi na majibu yanayopingana.

Anza na Gazeti Rasmi, hata kama linachosha kusoma. Hutoka kila Ijumaa, pamoja na matoleo maalum, na notisi zake huhesabiwa upya kila Januari. Kwa hiyo namba ya notisi bila mwaka haikufikishi popote. Ubora wake kwa kazi hii ni kwamba halisemi maoni: fulani amechaguliwa, kiti fulani ki wazi, uchaguzi mdogo ni siku fulani. Kabla hujafungua toleo lolote, andika pembeni tarehe za chaguzi kuu: Mei 1963, 6 Desemba 1969, 14 Oktoba 1974, 8 Novemba 1979, 26 Septemba 1983, 21 Machi 1988, 29 Desemba 1992, 29 Desemba 1997, 27 Desemba 2002 na 27 Desemba 2007. Kisha soma matoleo ya majuma yanayofuata kila tarehe. Chaguzi za Desemba zina mtego wake: matangazo yanaweza kuwa kwenye toleo la Januari, yaani mwaka mwingine na juzuu nyingine. Anayetafuta matokeo ya Desemba 1969 ndani ya mwaka 1969 pekee hujikuta amekwama bila sababu.

Tumia Kiingereza kwenye kisanduku cha kutafutia, maana Gazeti limeandikwa kwa lugha hiyo. Jina la eneo bunge peke yake halitoshi. "Mathare" itakuletea notisi za viwanja, leseni za biashara, mirathi na hospitali ya wagonjwa wa akili. Lifungie na maneno ya sheria iliyotumika: kuanzia 1969 hadi ilipofutwa na Sheria ya Uchaguzi ya 2011, chaguzi za wabunge ziliendeshwa chini ya National Assembly and Presidential Elections Act, Sura ya 7. Weka jina hilo ndani ya alama za kunukuu pamoja na "Mathare", na rundo linapungua sana. Kwa chaguzi ndogo, tafuta "by-election" na "writ" (hati ya kuitisha uchaguzi) pamoja na jina la kiti.

Udhaifu mkubwa wa Gazeti unawapiga chenga hata watafiti wazoefu. Amri za mipaka hutolewa kama Legal Notice (tangazo la kisheria), nazo Legal Notice hazimo ndani ya kurasa za kawaida za Gazeti. Huchapishwa kwenye nyongeza zake, ambazo huwa na mfululizo wao. Ukipekua toleo lenyewe la Ijumaa ukitafuta mipaka, unaweza kuamini kwamba hakuna kilichobadilika, kumbe kilichobadilika kiko kwenye kijitabu kingine kabisa. Amri muhimu kuliko zote kwa Nairobi ni Legal Notice Na. 14 ya Machi 2012, iliyotaja maeneo bunge yote 290 na wadi zake. Tafuta hiyo upande wa sheria kwenye Kenya Law, usipoteze muda kwenye kurasa za notisi.

Hizo amri zinafaa kujulikana kwa hesabu, kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini majina ya viti vya Nairobi yanahamahama. Baraza la Wawakilishi la 1963 lilikuwa na maeneo bunge 117. Seneti ilipounganishwa na Baraza hilo mwishoni mwa 1966, idadi ikawa 158. Ikapanda hadi 188 kwa uchaguzi wa 1988, 210 kwa uchaguzi wa 1997, na 290 kwa uchaguzi wa 2013. Mkutano wa tarehe hizi na mabadiliko ya majina si wa bahati: Mathare imekuwa Kasarani katika mapitio ya mipaka yaliyoleta viti 210, na jina la Mathare limezaliwa upya katika mapitio yaliyoleta viti 290. Ukiona jina la kiti limebadilika kwenye orodha yako katikati ya mapitio mawili, shuku orodha kwanza.

Sasa Hansard, ambayo ndiyo hazina yenyewe. Google Books ina juzuu nyingi za Bunge la Kenya, na nyingi kati ya hizo zinafunguka kurasa zote. Mtu aliye na simu tu anaweza kusoma swali lililoulizwa bungeni kuhusu maji ya bomba ya mtaa wake mwaka ambao wazazi wake walikuwa bado watoto. Kwa historia ya mitaa ya Nairobi hakuna chanzo cha bure kinachoikaribia, na inasikitisha kuona jinsi inavyotumiwa na watu wachache.

Jambo la kwanza la kufanya ukifungua juzuu ni kwenda kurasa za mwanzo na kutafuta orodha ya wabunge, "List of Members". Humo jina la mbunge limewekwa pamoja na eneo bunge lake, na hapo ndipo unapothibitisha kile Gazeti lilichokuambia. Orodha hiyo inaonyesha hali ya wakati juzuu ilipoandaliwa, kwa hiyo mbunge aliyefariki au kupoteza kiti katikati ya muhula anaweza kukosekana kabisa. Linganisha juzuu mbili za muhula mmoja, ya mwanzo na ya mwisho.

Jambo la pili huwakwamisha wengi. Hansard hainakili mawaziri kwa maeneo bunge yao. Waiyaki alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1974 hadi 1979, na kwa miaka hiyo anaposimama kuzungumza anatajwa kwa wizara yake, jina likiwa pembeni. Ukitafuta "Mathare" kwa matumaini ya kumpata mbunge wake, utawapata wabunge wengine wanaoutaja mtaa huo, lakini yeye mwenyewe hutampata. Ndivyo ilivyo pia kwa Josephat Karanja, aliyeingia bungeni kwa kiti cha Mathare katika uchaguzi mdogo wa 1986. Kuanzia Machi 1988 hadi Mei 1989 alikuwa Makamu wa Rais, na jina la kiti likamezwa na cheo. Dawa ni kutafuta kwa jina la ukoo na cheo, si kwa eneo bunge. Na kuna upande mwingine wa jambo hilo: waziri haulizi maswali, anayajibu. Kwa hiyo eneo lililowakilishwa na waziri kwa miaka mingi huwa na maswali machache ya kwake yenyewe. Ukimya huo usiutafsiri kama uvivu wa mbunge.

Kati ya Waiyaki na Karanja kuna Andrew Ngumba, na hapa Hansard na Gazeti zinasaidiana vizuri. Ngumba alikuwa Meya wa Nairobi kuanzia 1977 hadi 1980, akamshinda Waiyaki kwenye uchaguzi wa 1983. Kampuni yake ya fedha, Rural Urban Credit Finance, iliporomoka, naye akaondoka nchini; kiti kikawa wazi na Karanja akakitwaa. Hansard peke yake inakuonyesha mbunge aliyekuwa akizungumza kisha hasikiki tena. Gazeti ndilo linaloweka tarehe kwenye pengo hilo. Anayeandika "Ngumba 1983–1988" kwa kuwa chaguzi kuu zilikuwa miaka hiyo ameifuta miaka miwili ya Karanja.

Jambo la tatu ni lugha. Kiswahili kiliruhusiwa kwenye mijadala ya Bunge mwaka 1974, na Hansard huchapa hotuba kwa lugha iliyosemwa, bila tafsiri. Kwa hiyo ukitafuta kwa Kiingereza tu katika juzuu za baada ya hapo unaziacha nje hotuba nzima nzima. Rudia kila utafutaji kwa Kiswahili: "Bw. Spika", "Bw. Naibu Spika", "vibanda", "mabomba", "barabara", pamoja na jina la mtaa. Hotuba za Kiswahili mara nyingi ndizo zenye maelezo ya karibu zaidi kuhusu mitaa, kwa sababu mbunge anasema kama anavyozungumza na wapiga kura wake.

Ubora wa maandishi yaliyosomwa na mashine kutoka kwenye picha za kurasa ni wa wastani. Hansard imechapwa kwa safu mbili, herufi ndogo, na neno lililokatwa mwishoni mwa mstari huhesabiwa kama vipande viwili. Majina ya Kiafrika ndiyo yanayoumia zaidi. Usitegemee tahajia moja: "Doonholm" na "Donholm" zote zimetumika kwa eneo lile lile, na kitafutio hakijui kwamba ni kitu kimoja. Ukikosa jibu, tafuta neno jirani ambalo lazima liwe kwenye ukurasa huo, kama jina la wizara, kisha usome kwa macho. Namba nazo zina mtego: katika juzuu za zamani, namba iliyo juu ya kila safu ni ya safu, si ya ukurasa, na haitalingana na namba inayoonyeshwa na Google Books. Unaponukuu, taja tarehe ya kikao na safu, maana tarehe ndiyo inayomwezesha mtu mwingine kufika pale pale hata akiwa na nakala ya karatasi. Tarehe ya juzuu iliyo kwenye matokeo ya utafutaji usiiamini mpaka ufungue ukurasa wa mwanzo wa kikao.

Kwa miaka ya 1963 hadi 1966 kumbuka kuna mabunge mawili, na Hansard mbili: ya Baraza la Wawakilishi na ya Seneti. Seneti ilikuwa na wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Swali la jiji lingeweza kuulizwa upande wowote, hivyo tafuta pande zote mbili.

Ukishaelewa Mathare, mfano wa Doonholm utakuchukua muda mfupi. Mwai Kibaki alichaguliwa huko 1963. Kwenye uchaguzi wa 1969 kiti kiliitwa Bahati, akapambana na Jael Mbogo na kushinda kwa kura chache katika matokeo yaliyolalamikiwa, kisha 1974 akahamia Othaya, alikobaki hadi alipostaafu 2013. Eneo lenyewe baadaye likawa Makadara. Tom Mboya naye aliwakilisha Nairobi Central, ambayo baadaye ilijulikana kama Kamukunji, hadi alipouawa tarehe 5 Julai 1969. Wote wawili walikuwa mawaziri, kwa hiyo ile kanuni ya kutafuta kwa cheo inatumika.

Kuhusu safu ya chama kwenye orodha yako: kuanzia 1969 hadi 1988 wabunge wote waliochaguliwa waliingia kwa tiketi ya KANU, na kinyang'anyiro halisi kilikuwa ndani ya chama. Kura za 1988 zishughulikie peke yake. Mchujo wa mwaka huo ulifanywa kwa mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa kupita bila kupingwa kwenye uchaguzi wenyewe. Ukiweka takwimu za mlolongo kwenye jedwali moja na kura za siri za 1983 au 1992, jedwali linadanganya ingawa kila namba imenakiliwa sawasawa.

Mzalendo ni kitu cha aina nyingine, na ni haki kukipima kwa kazi yake. Ilianzishwa 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga ili raia waweze kufuatilia wabunge wao, na kwa wabunge wa miaka ya karibuni ni rahisi kutumia kuliko Hansard yenyewe: unafungua jina la mbunge na kusoma alichosema. Kwa Waiyaki au Ngumba haikukusudiwa, usiende huko. Inapofaa kwenye historia ya viti vilivyokufa ni kwenye muhula wa mwisho kabla ya mgawanyo wa 2012, Bunge la Kumi. Tumia kuwapata wa mwisho: Elizabeth Ongoro, aliyechaguliwa Kasarani 2007, kabla eneo hilo halijazaa Kasarani ndogo, Roysambu na Ruaraka.

Embakasi inaonyesha vizuri mpaka wa kila huduma. Melitus Mugabe Were alichaguliwa kwa tiketi ya ODM tarehe 27 Desemba 2007. Bunge likakutana 15 Januari 2008, siku Kenneth Marende alipochaguliwa Spika na wabunge kuapishwa. Tarehe 29 Januari Were akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake, na Bunge lilikuwa bado halijakutana tena; lilirudi Machi. Kwa hiyo kumbukumbu yake bungeni kama mbunge wa Embakasi haina zaidi ya kikao hicho cha kwanza. Ferdinand Waititu wa PNU akashinda uchaguzi mdogo wa 11 Juni 2008. Orodha inayopimwa kwa chaguzi kuu peke yake humwacha Were nje au humfanya Waititu mshindi wa 2007, na makosa yote mawili huenezwa kwa urahisi. Mtu aliyechaguliwa na kuuawa ndani ya mwezi mmoja anastahili mstari wake kamili wenye tarehe zake.

Mgawanyo wa Embakasi nao unaeleweka vizuri kwa hesabu kuliko kwa siasa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, inagawanya idadi ya watu kwa maeneo bunge 290, na kuruhusu majiji kuzidi au kupungua wastani huo kwa hadi asilimia 40. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, hivyo wastani ni takriban 133,138, na kikomo cha juu kwa jiji ni kama 186,393. Embakasi ilikuwa na watu zaidi ya 900,000. Gawanya mwenyewe: vipande vinne havitoshi, vitano vinatosha kwa shida. Ndiyo maana tuna Embakasi Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi, na Nairobi ikatoka viti 8 hadi 17. Katiba hiyo hiyo inataka mapitio kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, hivyo usidhani majina ya leo ni ya kudumu.

Kitu ambacho hakuna hata moja kati ya huduma hizi tatu inakupa vizuri ni ramani. Amri za mipaka huandikwa kwa maneno na kwa majina ya kata na mitaa ya wakati huo, na mitaa mingi ya mashariki mwa jiji imebadilika sana tangu 1969. Njia inayofanya kazi ni kuchukua majina ya sehemu zinazounda eneo bunge kutoka kwenye amri ya kila mapitio, kuyapanga kwa safu (1966, 1987, 1996, 2012), kisha kufuata sehemu moja moja kuona imeangukia kiti gani kila mara. Ni kazi ya mikono, lakini ndiyo inayokuonyesha mrithi halisi wa kila mtaa, ambaye si lazima awe yule mwenye jina linalofanana. Pale maneno ya amri yanapokushinda, Nyaraka za Taifa kwenye Moi Avenue ndiyo hatua inayofuata. Nenda ukiwa tayari na namba ya amri na mwaka wake, kwa sababu kuomba "ramani ya Mathare" bila mwaka kutakurudisha kwenye tatizo lile lile la maeneo mawili.

Kwa alama: Gazeti Rasmi 8 kati ya 10 kwa tarehe na 4 kwa mipaka, kwa sababu ya zile nyongeza. Hansard kwenye Google Books 9 kwa utajiri na 6 kwa urahisi wa kutafuta. Mzalendo 8 kwa kipindi cha karibuni, na kwa kabla ya hapo haihusiki. Pakua kurasa unazozitegemea ukiwa bado unaziona, ukiandika kwenye jina la faili tarehe ya kikao au namba ya notisi pamoja na mwaka, kwa mpangilio wa mwaka kwanza, ili faili zijipange zenyewe kwa miaka.